Benchi la Jumanne

Ugonjwa huu ulinigharimu mbuzi jike mwenye mimba, kitenge kipya nilichokiuza kabla sijakivaa, mikeka miwili iliyoingia damu nikaichoma kwa mkono wangu, karanga za msimu mzima, na jina langu sokoni Kasongo. Nimehesabu, nikahesabu tena, kwa sababu hesabu ya kwanza huwa ina hasira ndani yake. Ya pili imetoka vilevile. Jina nimelirudisha mwenyewe. Kitenge nimekisamehe. Mbuzi bado.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ameketi kwa tako moja na anawaambia watu kwamba ni jipu. Mimi nilisema jipu. Nilisema pia mgongo, nilisema nimeanguka, na mara moja nilisema nimeumwa na siafu, mpaka mwanamke mmoja akaniuliza siafu gani hao wasiouma mahali pengine. Kwa hiyo maneno yako yote nayajua. Kaa kwa tako lako hilo moja, usome.

Jina langu Zaina. Nimezaliwa Kasongo, katika zile familia za msikitini ambazo babu zao walikuja na biashara wakasahau kurudi. Wakati wa Wabelgiji nilikuwa nauza karanga, chumvi, na samaki wakavu wa Nyangwe. Mume wangu Amisi alipeleka mchele kwenye makambi ya dhahabu ya Salamabila, upande wa Kabambare; anakaa huko mwezi, pengine miezi kadhaa, halafu anarudi na matope na hadithi. Nyumbani tulikuwa wake wawili. Mkubwa ni Mauwa, Mbangubangu wa Kabambare, ninayemwita Yaya, dada mkubwa, kwa sababu amenizidi umri na ulimi. Mdogo ni mimi. Ua mmoja, nyumba mbili, jiko moja.

Na zamu. Amisi akiwa mjini, analala kwa Mauwa, kisha kwangu, kisha kwa Mauwa. Zamu ni haki ya mke. Mke akitaka anaweza kumpa mwenzake zamu yake, kama unavyompa mtu nafasi yako kisimani. Hilo tulifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tungali wadogo, tukacheka. Lishike, maana litarudi.

Mwanzo ulikuwa kiangazi, wakati watu wanachoma nyika na majivu yanaangukia nguo zilizoanikwa. Amisi alikuwa amekaa nyumbani wakati wa mavuno ya mpunga, akaondoka. Nikaanza kuwashwa huko nyuma. Nikadhani minyoo. Kisha nikawa naona haja, naenda chooni, hakuna kitu. Narudi, haja iko palepale inaningoja kama mdai. Kisha ukaanza kutoka ute, kama ule wa bamia, halafu ute wenye uzi wa damu. Kukaa kukawa kama kukalia jiwe lililotoka motoni.

Sasa fikiri. Muuza karanga kazi yake ni nini? Kukaa. Anapima kikombe amekaa, anabishana amekaa, anafukuza kuku amekaa. Mimi nikaanza kuuza nimesimama. Wateja wakasema, "Zaina, leo umekuwa askari wa serikali?" Nikawajibu kwamba bei imepanda, nami nimepanda nayo. Walicheka. Lakini mtu akiuza amesimama, mnunuzi anajua ana haraka, na mwenye haraka hapati bei. Msimu ule nilipunjwa na watoto.

Yaya Mauwa ndiye aliyeona kwanza. Tulikuwa jikoni, nimeinama kukoleza moto, nikashindwa kuinuka.

"Iko bawasiri," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Mutu akiinuka kama mukokoteni, iko bawasiri. Inatoka kwa kukaa sana na kula karanga za kuuza."

Akatoa kibuyu.

Kwetu dawa ya tumbo haiingii kwa mdomo, inaingia kwa nyuma. Kila nyumba ina kibuyu chake cha shingo ndefu, kimetobolewa, kinaning'inia msumarini nyuma ya jiko, na toka utotoni tumepigwa dawa nacho: homa, kibuyu; uvivu, kibuyu; mtoto kukosa adabu, kibuyu pia. Jirani anaweza kukuazima sufuria na hata mwana wa kutuma, lakini kibuyu hakiazimwi. Ni cha watu wa nyumba moja. Nilipoolewa pale, siku Mauwa aliponionyesha msumari na kusema "hiki chetu sote," nilijua nimekubaliwa. Nilifurahi kuliko siku ya mahari.

Dawa ya bawasiri ni majani yaliyochemshwa na pilipili. Sitaeleza kipimo, usije ukajaribu. Nitasema tu kwamba nililala kwa upande, Mauwa akapuliza, nami nikamwambia Mungu maneno ambayo sikufundishwa chuoni. Mauwa akasema ikiuma ndiyo inafanya kazi. Basi ilifanya kazi sana. Nikapigwa tena, na tena, na kila mara damu iliongezeka na Mauwa alisema ni uchafu wa zamani unatoka.

Mwezi wa kufunga ulinikuta hivyo. Kitenge kikaanza kunizunguka mara mbili. Nikaacha kula hata usiku, kwa sababu kila kinachoingia kitataka kutoka.

Nikaenda dispensere. Pale kulikuwa na kijana aliyekaa nyuma ya meza akiwa na peni sikioni. Aliniuliza kwa mbali, nikamjibu kwa mbali, akanipa dawa ya mbali. Nilimwambia tumbo linauma na natoka damu, sikumwambia wapi. Akaandika kuhara damu. Dawa ilikuwa chungu, ikanitapisha, na huko nyuma haikufika kabisa. Simlaumu sana. Muuzaji hawezi kupima kitu ulichokificha ndani ya kikapu.

Mvua za kwanza zilipoanza nilikwenda hospitali kubwa, kwa sababu ilifika siku nikaona kwamba nikiendelea kuona haya nitazikwa nayo.

Pale kila siku ilikuwa na watu wake. Jumatatu watoto, Alhamisi wenye mimba, na Jumanne... mji mzima ulijua Jumanne ni ya nini. Mimi, mgeni wa hospitali, sikudhani ni yangu, nikaenda Jumatano. Nilikaa toka asubuhi, yaani nilisimama, katika chumba kinachonuka dawa ya kusafishia sakafu, nikiwatazama watu wanaoitwa. Alikuwepo mzee mmoja Mkristo, mkulima, mguu wake umefungwa. Alinitazama nikijiegemeza ukutani, akavua koti lake, akalikunja, akaliweka kwenye benchi kwa duara, katikati wazi, kama kata ya kubebea mtungi. Nikakaa juu ya ile kata. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu kiangazi. Ukiniuliza huruma ina umbo gani, nitakuambia ina tundu katikati.

Munganga, yaani daktari, alikuwa Mbelgiji, mrefu, na pembeni yake mwuguzi wa kwetu, Longini, aliyekuwa akitafsiri. Waliniambia nipande kitandani nipige magoti na kuweka viwiko chini. Nikauliza kama hakuna namna nyingine. Longini akasema namna nyingine ni kurudi nyumbani. Nikapanda. Kulikuwa na kitu cha chuma kama faneli ya mafuta ya taa, baridi. Sitasema haikuniuma. Nitasema ilikuwa na mwisho, kitu ambacho kibuyu hakikuwa nacho. Munganga akafuta ute kwa pamba kwenye kioo kidogo, akatoka nacho.

Aliporudi alisema maneno, Longini akayameza kidogo kabla ya kuyatoa.

"Mama, anauliza kama bwana yako anakuingiliaka nyuma."

Nilikuwa nimeshashuka kitandani, nimejifunga kitenge. Mtu akivaa, akili zinarudi.

"Mwulize nami. Dawa ya mbele na dawa ya nyuma ni tofauti?"

Akauliza. "Anasema ni dawa moja."

"Basi mlango ulioingilia ni habari ya nyumba yangu. Ninyi mtoeni mgeni."

Longini alitafsiri akitazama sakafu. Munganga akasema polepole, na safari hii Longini hakumeza kitu.

"Anasema hakuulizi kwa kukuhukumu. Kwa wanawake, ugonjwa huu mara nyingi unatambaa wenyewe toka mbele mpaka nyuma, kwa sababu njia ni fupi. Anauliza apate kujua atafute wapi kwa watu wengine."

"Mwambie atafute kila mahali," nikasema. "Kwa kila mtu wa nyumba yangu."

Hapo tukaelewana. Akaniita nitazame kwenye darubini yake. Niliona doa jekundu-jekundu, na ndani yake vitu vidogo vimekaa viwiliviwili, kama punje za kahawa zinazotazamana. Nilivihesabu, nikavihesabu tena. Kila mara vilitoka jozi, hakuna kilichobaki peke yake. Nikawaza, hawa wanajua kuishi uke wenza kuliko sisi.

"Sopisi," akasema Longini.

Sopisi, yaani kisonono, niliijua. Ni ile ya wanaume wa makambi, wanaoshika mti wakikojoa na kulia mama. Sikujua kwamba inaweza kukaa nyuma ya mwanamke asiyewahi kufika kambini, kimya kimya, ikijifanya bawasiri. Nimeandika karatasi hizi zote ili wewe ulijue jambo hili moja tu. Inaweza.

Masharti yalikuwa haya. Nipigwe sindano asubuhi baada ya asubuhi, nisiruke hata moja, hata maumivu yakiisha. Nirudi kutazamwa tena kila Jumanne mpaka kioo kiwe safi. Mume aje. Pilipili, niliyokuwa nimewatajia pamoja na kibuyu chake, marufuku. Na nikirudiwa, akasema munganga, nyama ya ndani iliyokwisha kuungua kwa pilipili itafanya kovu juu ya kovu, njia itafunga kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba, na hapo hana sindano ya kufungua. Akavuta kamba hewani kwa vidole vyake, nione. Niliona.

Kisha Longini akauliza, "Kibuyu kile, nani mwingine anakitumiaka?"

Nilichukua miavuli... nasema miavuli, ulikuwa mmoja, lakini siku ile niliona kila kitu mara mbili. Nikaenda nyumbani.

Mauwa alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Yaya. Kile kibuyu."

"Kimefanya nini?"

"Si bawasiri. Ni sopisi. Amisi ametuletea. Na munganga anauliza nani mwingine anakitumia."

Mchi ukasimama hewani. Halafu akautua polepole ndani ya kinu, akajifuta mikono.

"Weye unafikiri," akasema, "mimi ule ujuzi wa pilipili niliupata wapi?"

Alikuwa anaumwa toka mavuno ya mpunga. Alikuwa anajipiga dawa mwenyewe, anakining'iniza msumarini, kisha ananipiga mimi. Kama ilitoka kwake kuja kwangu kwa kibuyu, au kwa Amisi kuja kwetu sote, munganga mwenyewe alisema hawezi kujua, na mimi sikutaka kujua. Mwenye duka ni mmoja. Sisi tungegombana, tungekuwa tunagombania vikapu tu.

Tulikichoma kile kibuyu nyuma ya jiko. Kilipasuka kwa mlio mkubwa, kuku wakaruka. Mauwa akasema, "Undugu wetu huo." Tukacheka mpaka tukaumia pale panapouma.

Sasa benchi la Jumanne. Lilikuwa nje, chini ya upenu, likitazama barabara ya soko. Aliyeliweka pale sijui alikuwa na ugomvi gani na watu. Kila anayekwenda kununua chumvi anapita mbele yako akisoma nyuso kama tangazo. Watu walijifunika. Wanaume walishusha kofia mpaka puani, wanawake walijizungushia vitenge mpaka ukadhani ni mizigo iliyosahauliwa.

Mara ya kwanza nilijifunika nami. Joto, na bado watu walinitambua kwa miguu. Mara ya pili nikasema, kama wataniona, wanione nikiwa kazini. Nikachukua kikapu cha karanga, kikombe changu cha kupimia, na ile kata ya nguo niliyoikunja kwa mfano wa koti la yule mzee. Nikakaa mwisho wa benchi, uso wazi, Mauwa pembeni yangu amejifunika.

Wa kwanza kupita alikuwa Sifa, muuza mafuta ya mawese, aliyekaa karibu yangu sokoni. Mwendo wake ulipungua.

"Zaina. Unafanya nini benchi ya Jumanne?"

"Nauza karanga na napigwa sindano. Wewe unataka ipi?"

Alisimama kama mtu aliyeulizwa sala ya maiti. Benchi zima likatetemeka. Chini ya vitenge watu walikuwa wanacheka. Mmoja akatoa mkono tu kutoka ndani ya nguo, na sarafu. Nikampimia. Kisha mkono mwingine. Asubuhi ile kikapu kilibaki kitupu, na Mauwa akafunua uso ili apate kula vizuri.

Sokoni waliendelea kusema kwa muda. Walisema nimefanywa hivi na vile, kinyume. Niliwajibu wote jibu moja: "Mwenye kujua njia zote za ugonjwa huu amezipita zote. Nifundishe." Hakuna aliyetaka kuwa mwalimu.

Ile sindano ilikuwa nyeupe, tuliiita ya maziwa. Inauma, tako linakuwa gumu kama embe bichi. Lakini ute ukapungua, damu ikakoma, ile haja ya uongo ikaniacha, na asubuhi moja nilikuwa nachambua mchele nikagundua kwamba nimekaa. Nimekaa tu. Chini, kwa matako yote mawili, bila kata. Nikamwita Mauwa aje anitazame nilivyokaa. Alikuja na mwiko mkononi, akanitazama kwa makini, akasema, "Umekaa vizuri." Sijawahi kusifiwa hivyo tena.

Kioo changu kikatoka safi. Cha Mauwa bado kidogo, kisha nacho kikasafika, ikabaki kutazamwa mara moja ya mwisho. Wakati huohuo, na mvua zimekuwa nyingi, Amisi akarudi kutoka Salamabila.

Tulimpikia. Tulimwacha ale. Kisha Mauwa akamwambia yote bila kupamba.

"Mimi siko mugonjwa," akasema Amisi. "Nakojoa kama mvua."

"Na zamani?"

"Zamani ilichoma kidogo. Kambini kuna mutu anauzaka vidonge. Nilimeza, ikaisha."

"Ulimeza vyote?" nikauliza.

"Nilimeza mpaka ikaisha. Vilivyobaki niliviuza."

Huyo ndiye mume wangu. Hata ugonjwa alitaka upate faida.

"Munganga anakungoja Jumanne," nikasema.

"Mimi? Amisi? Nikae benchi ile? Wateja wangu wote wanapita pale."

"Nusu yao hawapiti. Wamekaa."

Akakasirika. Akasema wanawake wa nyumba yake wamemuuza mjini kwa vikombe vya karanga. Jioni, jua halijazama vizuri, akachukua taa akaenda mlangoni kwa Mauwa, kwa maana ilikuwa zamu yake. Mauwa alikuwa amekaa kizingitini.

"Zamu yangu nimempa mudogo wangu," akasema.

Amisi akavuka ua akaja kwangu. Hatua chache tu, lakini nilimwona akizitembea.

"Nashukuru," nikasema, "lakini zamu yangu nimempa Yaya."

"Yaya kakupa yake."

"Ndiyo. Nami nimemrudishia na ya kwangu juu. Mtu akikupa, nawe unampa. Ndivyo tulivyolelewa."

Alisimama katikati ya ua na taa yake, kama mtu aliyefika njia panda akakuta njia zote mbili zimefurika. Hatukufunga mlango, hatukumtukana. Alikwenda kulala barazani juu ya magunia ya mchele, akalala na panya ambao nao walikuwa na zamu zao.

Kesho yake akasema atatupa talaka. Mauwa alikuwa anamenya muhogo, hakuinua kichwa.

"Sote wawili?"

"Sote... nyote wawili."

"Sawa. Ukioa mwingine, mwambie atengeneze kibuyu."

Usicheke haraka. Niliogopa. Talaka ingeniondoa kwenye ua ule bila kitu, na wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa. Lakini nilikuwa naona vile vidole vya munganga vinavuta kamba hewani. Nikajiambia: nyumba nyingine ipo. Nyuma nyingine sina.

Amisi hakutoa talaka. Aliita baraza. Kwetu anayeita wazee ndiye anayewalisha. Sheria hiyo inajulikana hata na mbuzi. Mbuzi wa Amisi walikuwa Kabambare kwa ndugu yake. Mimi nilikuwa hospitali, nimemsindikiza Mauwa kwenye kutazamwa kwake kwa mwisho. Niliporudi, ngozi ya mbuzi wangu jike ilikuwa imetandazwa uani, na wazee walikuwa wanajipangusa midomo.

Mwalimu Shabani wa msikitini alikaa katikati. Pembeni yake wazee watano, wauza mchele na wenye mashamba. Amisi akaeleza, vizuri sana, ana sauti. Mzee mmoja akasema mke haruhusiwi kutoa zamu bila mume kuridhia. Mwalimu akanigeukia.

"Zaina, unasemaje?"

"Mwalimu, nimeambiwa nikirudiwa njia yangu itafunga. Mimi simkatai mume wangu. Nakataa alichobeba. Akiweka mzigo chini, mlango uko wazi."

"Mauwa?"

"Mimi nimesema ya mudogo wangu."

Mwalimu akamgeukia Amisi. "Uliambiwa uende ukatazamwe?"

"Niliambiwa."

"Ulikwenda?"

"Mwalimu, ile benchi..." Amisi akafungua mikono, akawatazama wazee mmoja mmoja, akitafuta msaada. "Wazee wangu, ninyi ni watu wazima. Ile benchi. Mutu mwenye heshima atakaa namna gani pale?"

Mzee wa mwisho, yule aliyekuwa bado anafyonza mfupa wa mbuzi wangu, akasema bila kuinua macho:

"Benchi haiko mubaya. Iko na kivuli."

Hakuna aliyemtazama.

"Ukifika mapema," akaongeza mwingine, taratibu, "unapata upande wa ukuta. Unaegemea."

Mwalimu Shabani alikohoa muda mrefu ndani ya leso yake. Aliporudi kwetu, uso ulikuwa umenyooka. Akasema dini haimpi mtu ruhusa ya kumdhuru mwenzake wala kujidhuru, kitandani kama sokoni. Amisi aende Jumanne. Mpaka munganga aseme safi, zamu zikae pale wanawake walipoziweka.

Amisi alikwenda. Kofia mpaka puani. Nilikuwepo na kikapu changu, na alipokaa nilimuuzia karanga, sikumpa, nilimuuzia. Wazee wawili walipita wakielekea sokoni, wakamsalimia kwa jina, kwa sauti, na mmoja akamwuliza habari za ukuta. Sindano ya kwanza alirudi nayo akitembea upande. Pale nyumbani akasimama mbele ya kigoda.

"Ile sindano inauma," akasema.

Nikamtengenezea kata. Nikamwonyesha tundu linakaa wapi. Alikaa, akapumua, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Ulikaa hivi kiangazi chote?"

"Nilisimama."

Alimaliza sindano zake zote, hakuuza hata moja.

Mvua zilipopungua na mpunga ukaanza kuinama, sote watatu tulikuwa safi. Mtoto sijapata. Munganga hakuniahidi, nami sikumbana. Kuna bei ambayo ukiiuliza unajuta. Siku za baridi bado nasikia mahali palipounguzwa na pilipili. Nakaa lakini. Kazi yangu ni kukaa.

Wewe unayesoma kwa tako moja: usijibu kwa mbali, na usikubali dawa ya mbali. Sema ni wapi. Wakitaka kujua imeingilia wapi ili wakuhukumu, waulize kama dawa ni tofauti. Nenda na nyumba nzima. Na ukifika mapema, upande wa ukuta.

Limebaki jambo moja, na hapa naomba msaada wenu. Amisi anadai alipwe usiku wote aliolala barazani. Anasema ni zamu zilizopotea na lazima mtu azilipe. Mauwa anasema zamu haikuwahi kuwa mali yake. Kuhusu mbuzi, Amisi anasema baraza lilinipa mimi haki, na mshindi ndiye anayelisha. Mimi nasema aliyeita ndiye anayelisha, na kwamba walikula wawili, mama na aliyekuwa tumboni. Wazee nimewauliza, wote wanasema walikula kidogo tu. Mwalimu Shabani anasema suala ni zito, atalitazama kitabuni, na huu mwaka wa pili analitazama.

Kama kuna kati yenu anayeijua hukumu, aniambie. Aseme mbuzi kwanza, usiku baadaye.